Kibarua Kilichoota Nyasi: Karanga na Gesi katika Pwani ya Mtwara

Neno kibarua ni mtoto wa neno barua. Zamani mtu aliyefanya kazi ya kutwa katika mashamba na bandari za pwani alipewa kijikaratasi, na siku ilipotimia kijikaratasi hicho kilitiwa alama. Karatasi ndiyo iliyokuwa shahada ya jasho lake. Baadaye jina la karatasi likahamia kwenye kazi, kisha likahamia kwa mtu mwenyewe, hata leo mtenda kazi ya siku huitwa kibarua kana kwamba yeye ndiye karatasi. Na kazi ikimponyoka, watu husema kuwa kibarua chake kimeota nyasi. Labda hakuna mahali katika Tanzania panapostahili msemo huo kuliko pwani ya Mtwara, kutoka Mikindani hadi mlango wa mto Ruvuma; kwa maana huko nyasi zimeota mara mbili katika muda usiotimia miaka 70, mara moja juu ya mashamba ya karanga, na mara ya pili juu ya matumaini ya gesi.

Habari hizi mbili aghalabu husimuliwa mbalimbali. Ile ya karanga husimuliwa kama kichekesho cha wakoloni, na ile ya gesi kama mzozo wa siasa. Zikiwekwa pamoja huonekana kuwa ni habari moja. Kiswahili kina neno moja, mafuta, kwa yale yakamuliwayo katika karanga na yale yachimbwayo ardhini; na gesi ni ndugu wa mafuta ya ardhini, hutafutwa na kampuni zile zile na hupanda na kushuka pamoja nayo. Mashauri yote mawili yalianzishwa na haja ya watu wa mbali, yakakatishwa na hesabu za watu wa mbali. Na katika yote mawili hasara ilifuata njia moja: walioandikwa kazi walipata angalau barua ya kuagwa, lakini mji uliowazunguka uliachishwa kazi bila ya barua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mitambo. Serikali ya Uingereza ikamtuma John Wakefield kuichungua nchi, na taarifa yake ikapendekeza ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, lakini zaidi ya nusu ya mashamba yote yalikusudiwa kuwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, na Nachingwea ikachaguliwa kuwa makao yake. Jimbo hilo lilikuwa halina reli wala bandari ya maji marefu. Mikindani, mji wa kale wa majahazi, ulikuwa na ghuba nzuri lakini haukutosha kwa meli kubwa. Basi Mtwara, kijiji cha wavuvi kilicho jirani, ikapewa heshima ya kuwa bandari mpya.

Hapo ndipo Mtwara ya leo ilipozaliwa. Mji ulipimwa kwa kipimo cha matumaini: barabara zikachorwa pana, viwanja vikaachana mbali, na nyumba za wakubwa zikajengwa Shangani kukabili bahari. Watu wakashuka kutoka uwanda wa Makonde na kutoka bara kuja kung'oa visiki, kubeba mataruma ya reli na kupakua meli. Kazi ya namna hiyo haikuwa na siri: ilikuwa kazi ya kujenga, nayo kazi ya kujenga hufa siku jengo linapokamilika. Lakini aliyepokea ujira wake kila mwezi hakuona sababu ya kuhesabu siku hiyo.

Siku hiyo ilikuja mapema kuliko ilivyodhaniwa. Mitambo iliyotumiwa ilikuwa mingi yake masalio ya vita. Ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu na mvua yake haba. Na gharama zikawa zimekwisha kupita mavuno. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuacha shauri lile kubwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika vitabu vyake. Mwaka 1955 mashamba yaliyosalia yakakabidhiwa shirika la kilimo la Tanganyika ili yatumiwe kwa majaribio na kwa wakulima wapangaji. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, yaani miaka mitatu baada ya kufa kwa shughuli iliyoizaa. Reli iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea ilijikokota kwa mizigo michache, ikafungwa mwaka 1962, nchi ikiwa imepata uhuru wake miezi michache tu kabla. Vyuma vyake vikang'olewa, na tuta lake likaachiwa majani.

Yafaa ikumbukwe kwamba hesabu ya pauni milioni 36 ilikuwa hesabu ya Uingereza. Iliandikwa, ikajadiliwa bungeni, ikalaumiwa magazetini. Hakuna kitabu kilichoandika hesabu ya mkulima wa Nachingwea aliyeliacha shamba lake misimu mitatu ili alipwe mshahara, akalirudia limekwisha kuwa msitu. Wala ya mwanamke aliyepanua kilinge chake cha kuuza chakula kando ya kambi, akaamka asubuhi moja akakuta kambi imehama. Hasara ya kwanza ilifutwa kwa kalamu. Hasara ya pili ililipwa na wenyewe.

Kilichoiokoa bandari hakikuwa shauri la serikali yoyote bali mti. Mkorosho, uliopandwa na wakulima wadogo katika mchanga wa Newala, Masasi na Mtwara, ulizidi kuzaa miaka ile ile karanga zilipokuwa zikishindwa, na korosho ndizo zilizozijaza meli. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Mti huo nao ulionja mikasa yake: wakulima walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 mikorosho mingi iliachwa mbali na wenyewe, bei ikawa duni, na kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa hayafiki tani 20,000. Lakini mti ulisimama ukingoja. Palilio liliporudi na bei iliporudi, mavuno nayo yakarudi, hata yakapita tani 300,000 katika msimu wa 2017/18. Tofauti hii kati ya mti unaongoja na mtambo unaoondoka ni ya kutiwa moyoni, kwa kuwa ndiyo itakayoeleza yaliyofuata.

Gesi yenyewe haikuja ghafula. Kampuni ya AGIP ya Italia iliigundua Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, kisha Mnazi Bay, karibu na kijiji cha Msimbati, mwaka 1982. Wakati ule gesi haikuwa na mnunuzi, na kisima cha Mnazi Bay kikafungwa kikalala zaidi ya miaka 20. Kampuni ya Artumas ya Kanada ndiyo iliyokifungua upya, na mwaka 2007 gesi ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara na Lindi, mikoa iliyokuwa ikitegemea mitambo ya dizeli. Faida hiyo ilikuwa ya kweli, maana taa iliwaka nyumbani kwa mtu. Hata hivyo msukosuko wa fedha wa dunia wa mwaka 2008 uliitikisa Artumas, na mwaka 2009 uendeshaji wa visima ukaingia mikononi mwa Maurel & Prom ya Ufaransa. Hiyo ilikuwa ishara ndogo kwamba kisima kilichoko Msimbati kinaweza kuugua kwa homa iliyoanzia katika soko la fedha la New York.

Ishara hiyo haikusomwa, kwa sababu neema kubwa zaidi ilikuwa njiani. Mwaka 2010 kampuni ya Ophir, ikishirikiana na BG ya Uingereza, iligundua gesi katika bahari kuu, mahali penye kina cha zaidi ya mita 1,000. Mwaka 2012 Statoil ya Norway pamoja na ExxonMobil ya Marekani nazo zikagundua yao. Visima vikapewa majina ya Kiswahili: vya BG na Ophir vikaitwa Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, vya Statoil vikaitwa Zafarani, Lavani, Tangawizi. Mvuvi wa Ziwani alisikia katika redio majina ya samaki wake na mke wake akasikia majina ya viungo vya jikoni mwake, na haikuwa ajabu kama wote wawili walidhani kuwa mali hiyo imekwisha kufika nyumbani. Baada ya miaka michache serikali ilihesabu kwamba nchi ina gesi ya futi za ujazo zipatazo trilioni 57, sehemu iliyo kubwa kabisa ikiwa chini ya bahari.

Bandari ya Mtwara ikawa ghala la meli za uchimbaji. Mabomba, saruji ya visima na vyakula vilipakiwa hapo, wageni wakapanga nyumba Shangani, ndege zikajaa. Bei ya viwanja ikapanda. Aliyekuwa na kibanda cha udongo alishauriwa ajenge nyumba ya wageni, na benki ikamkopesha. Chuo cha VETA Mtwara, kwa msaada wa BG na shirika la VSO, kikaanza kuwafundisha vijana uchomeleaji, umeme na ufundi mwingine kwa kipimo cha kimataifa, pamoja na Kiingereza cha kazini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa miaka mitatu au minne Mtwara ilidhani kuwa inapona.

Wakati huo huo serikali ilikata shauri kujenga bomba la zaidi ya kilomita 500 kuipeleka gesi Dar es Salaam, kwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Tarehe 27 Desemba 2012 maelfu ya watu waliandamana mjini Mtwara, na kauli yao ilikuwa fupi: gesi haitoki. Mwezi wa Januari 2013 ghasia zilizuka, hata Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaja kusema na watu. Na tarehe 22 Mei, bajeti ya nishati iliposomwa bungeni, zikazuka tena kwa ukali zaidi. Watu walipoteza maisha, ofisi na nyumba zikachomwa, na jeshi likaletwa mjini. Wako waliowaita waandamanaji wajinga wasiojua kuwa mali ya nchi ni ya wote. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mji ule ulikuwa na kumbukumbu. Wazee wake waliiona reli ikijengwa, na waliiona ikichukuliwa. Walichoogopa hakikuwa kwamba Dar es Salaam itapata umeme, bali kwamba bomba litapita na kazi itapita nalo.

Hofu yao ilikuwa ya haki, ijapokuwa adui hakutoka upande walioutazama. Mwezi wa Juni 2014 pipa la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 110. Marekani ilikuwa imejifunza kuyatoa mafuta katika miamba yake kwa wingi; soko likafurika; na mwezi wa Novemba mwaka ule nchi za OPEC zikakataa kupunguza uzalishaji. Kufikia Januari 2016 pipa lilikuwa chini ya dola 30. Dunia nzima malaki ya wafanyakazi wa mafuta wakaachishwa, kuanzia Texas hadi Aberdeen na Stavanger. Na gesi iliyoko chini ya bahari kuu haiuziki mpaka igeuzwe kimiminika katika kiwanda cha mabilioni ya dola, nacho kwa Tanzania kilikusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi. Bei ya gesi ya namna hiyo kwa desturi hufungwa kwenye bei ya mafuta. Mafuta yaliposhuka, kiwanda kikaahirishwa; na kiwanda kilipoahirishwa hapakuwa na haja ya kuchimba visima zaidi. Meli zikang'oa nanga. Mwezi wa Februari 2016 BG yenyewe ikamezwa na Shell. Statoil, iliyojiita Equinor tangu 2018, ilitangaza Januari 2021 kwamba imeishusha thamani ya shughuli yake ya Tanzania kwa dola milioni 982. Mapatano ya awali ya kiwanda yalitiwa saini Juni 2022, lakini ishara ya kalamu si nyundo ya fundi.

Basi ni nani waliopoteza kazi? Wataalamu wa melini walikuwa wachache wao wenyeji, nao walihamia bahari nyingine. Wenyeji walikuwa madereva, walinzi, wapishi, wafuaji nguo na wapakuzi, ambao wengi wao waliajiriwa na wakandarasi wadogo kwa miezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa na kushauriana nao, na yampa mfanyakazi kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumika, usiozidi miaka 10. Lakini stahili hiyo ni ya aliyetimiza miezi 12 mfululizo. Mwenye mkataba wa miezi sita uliorudiwa kwa mapengo hutoka mikono mitupu, wala hakuachishwa mbele ya sheria. Mkataba wake umekwisha tu.

Nje yao lilikuwako duara la tatu, lililo pana kuliko yote. Mwenye nyumba ya wageni hakuajiriwa na mtu, kwa hiyo hakuna aliyemwachisha. Vyumba vyake vilibaki vitupu, na deni lake benki likaendelea kuhesabu miezi. Mama lishe wa bandarini hakupata taarifa ya siku 28. Kijana wa VETA alikuwa na cheti kizuri cha kuchomelea mabomba ambayo hayatalazwa. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichofunguliwa Oktoba 2015, kilileta kazi nyingine, lakini nacho kilisimama kwa muda mwishoni mwa 2016 kwa gharama za uendeshaji. Katika Aberdeen aliyeachishwa aliingia katika hesabu ya serikali, akapata posho, na mji wake ukaandikwa magazetini. Katika Mtwara neema ilikuwa ya wengi, lakini msiba ulikuwa wa kila mtu peke yake, na wengine waliuonea haya kana kwamba ni kosa lao kuamini.

Huko vijijini, Ziwani, Madimba na Msimbati, mambo yalichukua sura nyingine. Tangu mwaka 2000 pwani hiyo imekuwa sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ya pili nchini baada ya ile ya Mafia. Mvuvi aliambiwa apunguze nyavu zake kwa ajili ya matumbawe na kasa; kisha akaambiwa aipishe gesi; na kila mara aliahidiwa kazi nyingine badala ya ile aliyoiacha. Waliopitiwa na bomba na mtambo wa Madimba walilipwa fidia ya ardhi na mimea. Lakini mkorosho hulipwa mara moja na kuzaa miaka 30. Pesa ya fidia hujengea bati au hununulia pikipiki. Haitoi maua Julai wala matunda Oktoba. Mtambo wa gesi, ukishakamilika, huendeshwa na watu wachache wenye elimu ya mitambo, na uzio wake ni mrefu kuliko orodha ya wafanyakazi wake. Hayo si maovu ya kampuni fulani. Ndiyo tabia ya kazi yenyewe. Kutafuta na kujenga hutaka mikono mingi kwa muda mfupi, na kuzalisha hutaka mikono michache kwa muda mrefu. Kosa lilikuwa kuuita msimu wa kwanza kwa jina la wa pili.

Ng'ambo ya Ruvuma msiba kama huo ulikuja kwa mtutu wa bunduki. Tarehe 24 Machi 2021 wapiganaji waliushambulia mji wa Palma katika Msumbiji, karibu na Afungi, mahali ambapo kampuni ya Total ya Ufaransa ilikuwa ikijenga kiwanda cha gesi. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kwamba kazi haiwezi kuendelea, na maelfu ya wajenzi wakatawanyika. Haifai kusema kwamba ukosefu wa kazi ndio peke yake uliozaa vita hivyo, kwani chanzo chake ni vingi; lakini aliyeziona ghasia za Mtwara za 2013 na moto wa Cabo Delgado hawezi kusema kuwa matumaini yaliyovunjika ni jambo dogo katika amani ya nchi.

Kwa haki yapasa kutaja pia yaliyosalia. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015 na gesi ya Mnazi Bay huwasha taa za nchi. Kiwanda cha saruji kiliunganishwa na gesi mwaka 2018. Halmashauri ya wilaya ilianza kupokea ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo ya gesi, na ushuru huo ni wa kila mwaka, hautegemei meli kuja wala kuondoka. Bandari ilipanuliwa, na mwaka 2022 makaa ya mawe ya Mkoa wa Ruvuma yalipakiwa hapo kwenda ng'ambo, gati la karanga likitumika kwa mara nyingine kwa shughuli ambayo waliolijenga hawakuiota. Yote yaliyodumu yana sifa moja: yalipata matumizi hapa hapa, au yalitumikia zaidi ya bwana mmoja. Reli ilitumikia karanga peke yake, ikafa pamoja nazo. Bandari ilikubali korosho, saruji na makaa, ikaishi.

Fundisho hili si la Mtwara pekee. Bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, liliwapa kazi maelfu ya watu katika ujenzi wake; na Lindi yangoja kiwanda chake. Watu wa huko wana haki ya kuambiwa siku ya kwanza, kwa lugha wanayoielewa, ni kazi ngapi zitakwisha jengo likikamilika na ngapi zitabaki. Mafunzo ya vijana yawe ya ufundi unaohitajiwa pia na mjenzi wa nyumba, mvunaji wa chumvi na mwenye kinu cha kubangulia korosho. Mkopeshaji ashiriki hatari pamoja na mkopaji. Na ushuru uwekwe akiba wakati wa neema, kwa kuwa wakati wa dhiki hautakuwapo wa kuwekwa.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema msala usikaliwe. Watu wa Mtwara waliukalia, na hapana mtu wa haki atakayewalaumu. Walikuwa wamengoja muda mrefu. Lakini wengi wao, msala ulipokwisha kupita, waliweza kula kwa sababu mahali fulani katika mchanga wa Nanyamba, wa Newala au wa Ziwani palikuwa na mikorosho ambayo mama au shangazi alikataa kuiuza. Mikorosho hiyo haikuandikwa katika hesabu yoyote ya gesi. Nayo ndiyo iliyolipa deni.